Ngozi kwenye Mkono wa Lori

Msiba wa Fundi Rajabu pale Nyasho, mjini Musoma, ulinikera kabla haujaniliza. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu tukingoja maiti itolewe, nikamsikia kijana mmoja upande wa wanaume akiwahadithia wenzake jinsi marehemu alivyolishinda lori lililorogwa. Lori lenyewe, kwa maneno yake, lilikuwa na jini. Lilikataa kukata kona mpaka fundi akalisomea dua na kulinyunyizia marashi. Wenzake wakaguna kwa kuridhika. Nilitaka kusimama nimwambie afunge mdomo, lakini magoti yangu yakanishauri nibaki nilipo. Rajabu hakulinyunyizia gari lolote marashi maisha yake yote. Alikuwa mtu wa grisi na spana, na ukimpelekea habari za jini alikuuliza kwanza kama umeangalia upepo wa matairi. Lori lile lilikuwa la mume wangu, Magesa. Tuliojua kilicholisibu tulikuwa wanne tu, na Magesa hakuwa mmoja wetu. Sasa wenzangu watatu wametangulia, na Magesa naye ametangulia, basi sioni ninayemlinda nikiendelea kunyamaza.

Mwaka ninaousema ni ule wa kwanza wa ndoa yetu, enzi za Mwingereza, barabara ya Musoma hadi Bunda ikiwa vumbi tupu kiangazi na tope tupu masika. Tulipanga chumba kimoja Nyasho: ukuta wa udongo, dirisha la mbao lisilo na kioo, kitanda cha kamba kilicholalamika kila ukijigeuza. Magesa aliingiza humo harufu ya petroli iliyokaa hata kwenye shuka, nami nikaizoea mpaka nikawa silali vizuri akiwa safarini. Alikuwa ameendesha malori ya watu kwa muda mrefu, hatimaye akanunua la kwake kwa mfanyabiashara mmoja wa Bunda. Lilikuwa kuukuu, masalio ya vita, rangi ya jeshi ikichungulia chini ya rangi ya buluu. Springi zake zilikuwa na nyufa, nazo zilizungushiwa ngozi mbichi ya ng'ombe, jinsi madereva wa huku walivyofanya siku hizo vyuma vilipokuwa adimu. Ngozi mbichi ukiifunga ingali na maji, ikikauka hukaza kuliko waya. Ukichungulia chini ya malori ya Mara enzi hizo ungeona ngozi huku na huku, na hakuna aliyeshangaa.

Jambo la kwanza alilofanya ni kulipeleka Butiama, mama yake alione. Mama mkwe wangu, Nyabise, alilizunguka akilipigapiga ubavuni kama anayekagua fahali wa mahari, akachungulia chini, akauliza linapumulia wapi. Tulilala huko, mvua ikanyesha, asubuhi tukaondoka. Masika yote lori lilikwenda vizuri, na Magesa alirudi nyumbani akiimba. Kiangazi kilipoingia ndipo nyimbo zilipokatika. Akawa anakula kimya. Nilimpikia sato kwa nyanya, chakula alichokuwa akikililia, akamega ugali na kuurudisha kwenye sahani. Mabega yalimuuma mpaka akashindwa kuvua shati bila msaada wangu. Nilipombana sana akasema, "Usukani unashupaa. Asubuhi unakuwaga mzuri, jua likipanda unakuwa mgumu. Nikikata kona haurudi, mpaka niuvute kama navuta ng'ombe kisimani." Nikamwambia apumzike siku mbili. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa akate mguu wake apumzike kutembea.

Siku niliyoelewa ugumu huo ni siku tuliyotoka Bunda mchana, mimi nikiwa mbele pamoja naye, nyuma kuna magunia ya pamba na juu ya magunia kuna watu. Kabla hujafika njia ya Butiama kulikuwa na kijito chenye daraja la magogo, na kabla ya daraja kuna kona. Magesa akakata kushoto. Magurudumu yakakubali kwenda kushoto, halafu yakagoma kurudi. "Nyangeta, shika! Vuta!" Niliukamata usukani kwa mikono yote miwili, tukavuta pamoja, miguu yangu ikiwa imekanyaga dashibodi. Nililiona gogo la pembeni likipita chini ya tairi letu, na chini ya gogo mawe meupe ya kijito kilichokauka. Wanawake waliokuwa wakiimba juu ya magunia walinyamaza wote kwa pamoja, na kimya hicho kiliniogopesha kuliko yale mawe. Usukani uliachia ghafla, tukavuka. Magesa alisimamisha gari, akashuka, akatapika kando ya barabara, kisha akapanda tena na kuwasha moto. Mama mkwe alipopata habari hakushtuka hata kidogo. Aliuliza, "Halikumwaga mtu, sivyo?" Tukasema halikumwaga. Akatabasamu kidogo, akaendelea kupepeta ulezi wake. Nilimwona ana roho ngumu, mama yule.

Rajabu alikuwa na gereji yake Makoko, karibu na ziwa. Ilikuwa kibanda cha mabati tu na shimo la kuingia chini ya gari, lakini alikuwa na sharti moja: hagusi gari chafu. "Mgonjwa haendi kwa daktari na tope," ndivyo alivyosema. Basi kila gari lilitumbukizwa kwanza pale maji yanapofika magotini, likasuguliwa juu na chini mpaka chuma kionekane, ndipo yeye anakunywa chai yake na kuanza kazi. Lori letu lilifuata sharti hilo kila mara lilipopelekwa. Rajabu akalinyanyua kwa jeki, akazungusha usukani, ukazunguka vizuri. Akatazama boksi ya usukani, akaongeza mafuta. Akatia grisi kila penye tundu la grisi. Akajaza upepo. "Mwepesi," akasema. Mara ya mwisho alipolisema neno hilo alifuta mikono yake na kuongeza, "Bwana Magesa, gari yako nzima. Ugonjwa uko hapo kwenye kiti." Magesa alimwendea kifua mbele. "Unanitukana, Rajabu. Mbele ya mke wangu unaniita mwoga!" "Sikutukani. Nasema ninachokiona." Nilisimama katikati yao na chupa ya chai mkononi, nikiomba Mungu asiwepo atakayeokota spana. Kusema kweli, na mimi moyoni nilikuwa nimeanza kumtilia mashaka mume wangu, jambo lililoniumiza zaidi ya maneno ya fundi.

Gari la mjukuu wangu siku hizi linazungushwa kwa kidole kimoja. Lina pampu inayousukuma usukani kwa mafuta, na mafuta yakipungua pampu inalia kama mtoto mwenye njaa, ukilipeleka kwa fundi anauliza papo hapo: unakuwa mzito gari likiwa baridi au likiwa moto? Nikisikia swali hilo roho inanipasuka. Ni swali dogo, na sisi lilituchukua karibu kiangazi kizima kuliuliza. Aliyeliuliza ni Rajabu mwenyewe, alipokuja kwetu Nyasho kuomba radhi, maana hakuwa mtu wa kulala na ugomvi. Nilimkaribisha dagaa wa kukaanga na muhogo, akala, wakapatana. Kisha akamwambia Magesa, "Hebu niambie. Unashupaa lini hasa?"

"Jua likiwa kali. Mvua ikipita, unalegea."

Rajabu akaacha kutafuna. "Na kwangu unaniletea likiwa limetoka ziwani."

"Si ndiyo sharti lako?"

"Basi mimi ndiye ninayeuficha ugonjwa," akasema. "Kuna kitu humo kinachopenda maji. Safari hii tusilioshe. Nitapanda nawe, nilione likiugua."

Safari yenyewe ilikuwa ya harusi. Mdogo wake Magesa wa kike alikuwa anaolewa Kisorya, na ukoo mzima wa Butiama ulikuwa umepangwa kupanda lori hilo: akina mama, wazee, watoto wachanga mgongoni. Kumnyima dada yako gari siku ya harusi yake, na gari limesimama uani kwako, ni sawa na kujitoa kwenye ukoo. Magesa asingekataa hata kama lori lingekuwa na magurudumu mawili. Nilijua hivyo, nami nililiwaza lile daraja la magogo, ambalo lazima tulivuke, safari hii na watoto nyuma. Tulikwenda Butiama siku mbili kabla, na njiani, jua likiwa utosini, usukani ukashupaa. Magesa akamwachia Rajabu kiti. Fundi aliendesha kidogo tu, jasho likamtiririka mpaka kidevuni. Akasimamisha gari, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu." Macho yalimlowa Magesa, nami nikatazama nje ya dirisha ili asijue nimeona.

Kesho yake asubuhi Magesa alikwenda na vijana kutafuta kuni na kuwakumbusha ndugu wa ng'ambo ya milima habari ya harusi. Rajabu akabaki uani na jeki zake, akitenganisha viungo vya usukani kimoja kimoja ili ajue ni kipi kinachokaza. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa watu wengi, moshi umenijaa machoni. Upande wa pili wa ukuta wa fito mama alikuwa akisafisha nyama ya mbuzi na jirani yake Wakuru. Hawakujua kama ninasikia, au hawakujali. Nayaandika maneno yao kwa Kiswahili, ingawa walisema kwa lugha yao.

"Nililivisha ngozi ya baraka safari ile ile alipolileta," mama alisema. "Alfajiri, mvua ikinyesha, wao wamelala. Nilichinja beberu wangu mwenyewe. Mtu anavikwa kwenye kifundo cha mkono, nami nikalitafutia kifundo chake, pale linapokunjika likigeuka. Nilikuta akina mama wengine wamekwisha kulivisha miguuni. Ila mkononi palikuwa wazi."

"Na bado linamsumbua," Wakuru akasema.

"Bila hiyo lingekwisha kumuua! Leo nitaliongezea ngozi ya huyu mbuzi, niizungushe juu ya ile ya kwanza, nene zaidi."

Mwiko uliniponyoka mkononi. Akina mama wengine! Alikuwa ameziona zile ngozi za springi, akadhani ni baraka za wanawake waliotangulia kuwa na watoto wa kuendesha lori hilo. Nilitoka jikoni mbio. Nilimkuta Rajabu amelala chini ya lori, miguu nje, akaniambia bila kugeuka, "Shemeji, nimempata. Kiungo hiki cha mbele kimefungwa ngozi, imekauka kama mfupa. Niliionaga siku zote, nikadhani dereva wa kwanza aliiweka kuzuia vumbi. Na kwangu inakuwa imelowa, imelegea." Niliona kisu mkononi mwake.

"Usikate!" Nililia kwa sauti mpaka kuku wakaruka. "Usikate, shemeji, nakuomba. Ni ya mama."

"Mama gani?"

"Mama yake Magesa. Ni baraka, ndivyo wanavyovishana huku. Akiikata asiyeifunga, aliyevikwa ndiye anayeumia."

Rajabu alitoka chini polepole, akakaa mavumbini. "Na akiikata aliyeifunga?"

"Sijui." Na kweli sikujua, kwetu ni kando ya ziwa na mila zetu ni nyingine.

"Shemeji, kesho watapanda watoto humu."

Nilifikiri kumngoja Magesa. Kisha nikamfikiria vizuri. Magesa angeendesha na ngozi yake vile vile, kwa sababu asingeweza kumwambia mama yake, mkesha wa harusi, kwamba baraka yake ndiyo inayotaka kumwua. Angemeza na kuondoka. Kwa hiyo nikaenda mimi, mkamwana wa juzi nisiyeruhusiwa hata kumtazama mama mkwe usoni, nikapiga magoti mbele ya nyama ya harusi, nikasema yote. Wakuru aliziba mdomo kwa kiganja. Nilingoja kofi. Mama alinawa mikono, akanifuata.

Rajabu alimwamkia kwa adabu zote, nami nikawa mkalimani. Hakumwambia kwamba amekosea. Alirudisha viungo alivyovitenganisha, akamwomba aushike usukani mwenyewe na ajaribu kuuzungusha, gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia. Mama alivuta, haukwenda. Kisha Rajabu akamwagia ile ngozi maji ya moto kutoka jikoni, tena na tena, tukangoja kivulini. Mama alipouvuta mara ya pili, magurudumu yaligeuka. Akauzungusha kulia, akauzungusha kushoto. Kisha akasema, "Basi tulimwagie maji kila siku."

"Mama," Rajabu akasema, "kutoka hapa mpaka Kisorya jua ni kali. Hakuna atakayekaa chini ya gari na kibuyu."

Nilitafsiri. Mama alishuka, akanyoosha mkono. "Nipe kisu."

Rajabu alimpa, akageuka akatazama ua, maana si adabu kumtazama mwanamke wa umri ule akilala chini ya gari. Mimi nilishika pindo la nguo yake ili miguu isibaki wazi. Nilisikia kisu kikikwaruza, na pumzi yake. Nilihisi miguu yake ikitetemeka, nikadhani ni uzee. Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na ngozi ile mkononi. Alimwambia Rajabu kupitia kwangu kwamba Magesa asijue. "Mimi nimelegeza nati tu, mama," Rajabu akajibu. Kisha tulipokuwa tunarudi jikoni, mama akaniambia mimi peke yangu, sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi: "Aliyeifunga akiikata, anajikata mwenyewe. Mwaka hauishi akiwa hai. Nawe unyamaze."

Tulikwenda Kisorya, tukalivuka daraja, Magesa akikata kona kwa mkono mmoja na kupiga mluzi, watu wakimwimbia Rajabu nyimbo za sifa njia nzima. Hapo ndipo hadithi ya jini ilipozaliwa, nadhani. Rajabu aliketi kichwa chini, hazikumkaa vizuri sifa zile. Mimi sikuimba. Nilimtazama mama aliyekuwa amesimama pale nyuma na wenzake, kitenge kikipepea, anacheza ngoma ya binti yake kama mtu asiyedaiwa kitu na mtu yeyote.

Kuanzia hapo niliishi na hofu ambayo sikuweza kumgawia mtu. Mama alianza kugawa vitu vyake. Mtungi wake mkubwa akampa Wakuru. Jiwe lake la kusagia alimpa Magesa atuletee Nyasho, na Magesa akacheka, "Mama anagawa vyombo kama anayehama!" Nilicheka pamoja naye, kisha nikatoka nje nikalia. Akikohoa, nilihesabu kikohozi. Akija mtu yeyote kutoka Butiama na kubisha hodi, nilimsoma uso kabla hajatoa salamu. Mimi ni mtu wa kanisa na siamini kwamba ngozi ya mbuzi inashika roho ya mtu. Lakini yeye aliamini, na aliingia chini ya lori akiamini hivyo, na kila asubuhi aliamka akiamini hivyo. Siku moja Magesa alirudi akalalamika kwamba mvua zimeanza vizuri, watu wote wamepanda, na shamba la mama ni majani matupu. "Mama siku hizi analimaga kwa macho!" Nilimwambia amwache, amezeeka. Hakuwa amezeeka kiasi hicho.

Mvua zikapita. Ulezi wa watu ukakomaa, ukavunwa. Ndipo mchana mmoja lori likasimama mbele ya nyumba yetu Nyasho, na mama akashuka mbele, amejitwisha kikapu kitupu. Magesa alibaki nje akifungua turubai na kumtania kwa sauti majirani wasikie, kwamba mama yake sasa ni ombaomba. Mama aliingia ndani, akakaa kwenye kile kitanda chetu chenye kelele, akanitazama usoni.

"Sikupanda, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nilijua sitakuwepo kuvuna. Nimengoja, nimengoja, hakuna aliyekuja kunichukua. Na sasa nina njaa."

Nililia palepale, sikujificha kwenye moshi wala sikusingizia vitunguu. Nilimshika mikono yote miwili, jambo ambalo mkamwana hafanyi, naye hakuitoa. Kisha nikamwekea ugali wa moto na sato mzima, kichwa na mkia, niliokuwa nimemtengea Magesa. Akala bila haraka, akamaliza, akainyanyua sahani na kunisogezea.

"Ongeza," akasema.